Mungu naye chanzo chake nini?

Salma: Shikamoo baba mdogo. Rafiki yangu kaniuliza: kama kila kitu kina chanzo, Mungu je? Nimekosa jibu.

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu wa zamani mwenye hoja hiyo, hakusema kila kitu kina chanzo. Alisema kila kilichoanza kuwapo kina chanzo, na ulimwengu ulianza. Asiye na mwanzo haguswi na swali hilo.

Juma: Nani kasema ulimwengu ulianza? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliona umekuwapo siku zote.

Baba Mdogo: Ghazali akauliza: kama siku zilizopita hazina mwanzo, leo tumeifikiaje?

Shangazi Rehema: Sayansi nayo imeshathibitisha! Ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu (Big Bang), miaka bilioni 13.8 iliyopita. Mjadala umekwisha 🙏🏾

Baba Mdogo: Taratibu dada. Lemaître, mmoja wa waasisi wa nadharia hiyo, alikuwa padri, na bado hakutaka itumiwe kumthibitisha Mungu. Tukiifunga imani kwenye nadharia, siku ikirekebishwa tutasemaje?

Salma: Sasa tushike lipi?

Baba Mdogo: Mimi nashika hoja ya Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyemtangulia Ghazali. Haihitaji mwanzo kabisa. Hata ulimwengu ukiwa wa milele, vilivyomo vingeweza kutokuwapo, basi kwa nini vipo? Mwanafalsafa Mjerumani Leibniz mwaka 1697 alitoa mfano wa kitabu cha jiometri kinachonakiliwa tangu milele, kila nakala kutoka ile iliyotangulia. Utajua nakala hii imetoka wapi. Hutajua kwa nini kitabu chenyewe kipo.

Juma: Mwanafalsafa Mwingereza Russell alijibu hoja ya namna hiyo redioni 1948: kila binadamu ana mama, lakini jamii yote ya binadamu haina mama. Kwake ulimwengu upo tu, basi.

Baba Mdogo: Hoja nzito hiyo, siidharau. Ila mimi siulizi habari ya kuzaliwa, naulizia kutegemea. Visivyojitosheleza, hata uvikusanye vyote, vitajitoshelezaje?

Juma: Labda vikiwa pamoja vinajitosheleza kwa namna tusiyoijua.

Baba Mdogo: Basi umeshakubali kwamba kipo kinachojitosheleza. Tunabishania kama ni ulimwengu wenyewe au ni aliye nje yake. Hapo ndipo penye ubishi wa kweli.

Juma: Hapo sawa. Mimi bado niko upande wa ulimwengu wenyewe.

Salma: Na tukishamfikia huyo anayejitosheleza, tutajuaje kama anasikia dua?

Baba Mdogo: Hoja ya Ibn Sina peke yake haitufikishi huko, Salma. Ghazali alijaribu: ulimwengu ungeweza kuanza wakati mwingine wowote, kwa hiyo yupo aliyechagua, na anayechagua ana utashi. Isome hiyo kwanza, kisha mlete rafiki yako tuzungumze.