Siku mbili Wuhan, nianzie wapi?

mzururaji_k: Wakuu habari zenu. Nasoma Beijing, mwezi wa nne nitapitia Wuhan siku mbili, nataka historia na huo mto Yangtze wenyewe, maduka sina haja nayo. Kila mtu ananitajia mnara wa Huanghelou tu, hivi una maana au ni picha za mtandaoni?

Zege: Nenda ila ujue unachoenda kuona. Wa kwanza ulijengwa mwaka 223 enzi za Falme Tatu, ukawa unaungua unajengwa tena, hadi ule wa 1884 ulipoteketea ikabaki hivyo karne nzima. Huu wa sasa ni wa 1985, zege tupu na lifti ndani, tena haupo hata palepale maana kiwanja cha zamani kilimezwa na daraja la 1957 wakausogeza kama kilomita moja. Ila ukiwa juu kabisa unaliona hilo daraja, magari juu treni chini, na mto umetanuka hapo, hiyo peke yake inalipa kiingilio.

Bi Kengele: Mnara unaweza kuusamehe, makumbusho ya mkoa wa Hubei usithubutu!! Kuna kengele za shaba 65 zilizotolewa 1978 kwenye kaburi la Bwana Yi, mtawala wa Zeng, dola ndogo ya kale, aliyezikwa karibu mwaka 433 KK, na kila kengele ina sauti mbili, ukiigonga katikati inalia hivi ukigonga pembeni inalia vingine. Watu wa zama zile walipatia vipi mi sijui, nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniacha. Upanga wa Goujian, mfalme wa kale wa Yue, nao upo humo. Bure kuingia, ila Jumatatu wanafunga.

Tishari: Mto hauonwi kwa kuutazama, panda feri ya wenyeji kutoka Hankou, upande mmoja wa mji, kwenda Wuchang ng'ambo, nauli ni ya kutupa. Unapandia karibu na jengo la forodha lenye saa, la 1924, na nyuma yake kuna mitaa ya majengo ya Waingereza na Warusi. Ukishuka ng'ambo unaweza kutembea hadi Honglou, jumba jekundu la mapinduzi ya Oktoba 1911 yaliyomaliza ufalme China.

mzururaji_k: Duh, mi nafika Jumapili usiku, Jumatatu si ndo wamefunga?

Bi Kengele: Basi Jumatatu feri, Honglou kwa nje tu maana nako Jumatatu wanafunga, na huo mnara wa zege. Jumanne asubuhi makumbusho, ukitoka ziwa Donghu liko jirani tu. Pasipoti usiisahau.