Tupeane uzoefu: waliofanya fizio (mazoezi ya tiba ya viungo) kwa vidiokoli, mgonjwa alipata nafuu kweli au mliunguza bando tu?

Mangi wa Mwika
Wakuu habari za humu. Naomba wachangie waliopitia, wenye nadharia wakae pembeni kwanza. Mshua alipigwa kiharusi, upande wa kulia ukalegea wote, akalazwa Moshi akatoka anasimama kwa kushikwa. Kazi ikawa kumrudisha kliniki ya mazoezi. Nyumbani ni ndani ndani kule migombani, mvua ikinyesha gari haliingii, mzee anabebwa mpaka barabarani na hapo ushakodi Noah maana kwenye hiace mtu wa hivyo humpakii, mkifika keshachoka hoi hata mguu kunyanyua hataki. Dada mmoja wa fizio ndo akatuambia mkishindwa kuja mara kwa mara tufanye WhatsApp, ila kwanza akamshikashika vizuri pale kliniki, akapima nguvu, akaona anavyokaa na anavyosimama.

Nilidhani ni usanii. Simu tunaiegemeza kwenye chupa ya chai juu ya kigoda, mzee akitembea yule dada anaona kabisa kwamba hakunji goti, anainua nyonga na kuuzungusha mguu kwa nje, anamwambia mzee simama, rudi, anza upya taratibu. Sisi tunaokaa naye kila siku hatukuwahi kuliona hilo. Na mkono, watu wote wa kijijini walishamletea mipira ya kuminya, dada akasema wekeni pembeni hiyo, vidole vyake tayari vinajikunja vyenyewe, anachotakiwa kujifunza ni kuvifungua, akampa kazi ya kushika kikombe cha plastiki na kukiachia. Kuna siku akaomba tumuonyeshe njia ya kwenda chooni, akaona kile kizingiti, akatuambia fundi aweke bomba la kushikilia upande wa kushoto kwenye mkono mzima. Kliniki asingekijua kizingiti kile.

Kinachonichekesha, mzee sisi wanae hatusikilizi ila yule wa kwenye simu anamheshimu balaa, muda ukikaribia anadai avalishwe koti na kofia. Sasa hivi anatembea na mkongojo mpaka kwa jirani. Mkono bado, siwadanganyi. Haya tiririkeni.

Chalii wa Njiro
Mimi goti, ajali ya boda. Baada ya kufunguliwa hogo goti lilikuwa gumu kama gogo. Nilifanya ya simu, mazoezi yenyewe nilielewa vizuri tu, shida ni kwamba kuna maumivu ya kuvumilia na kuna maumivu ya kuacha, na mtu wa kwenye simu hawezi kujua wewe uko kwenye lipi. Nilikuwa nasema "imefika mwisho" kumbe bado, nilivyoenda ana kwa ana jamaa alishika goti akalikunja mwenyewe nikaona nyota, lakini lilisogea kuliko yote niliyofanya nyumbani. Kwa hiyo kwangu simu ilisaidia kutunza kilichopatikana, kazi ngumu ilifanywa na mikono ya mtu.

Mama Kulwa, Ngaramtoni
Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Jamani kwa mtoto mdogo ni ngumu, akiona simu anaitaka yeye, anaishika, analia. Tulichofanya mtaalamu akaacha kumwangalia mtoto akaanza kunifundisha mimi, namna ya kumbeba miguu ikiwa imeachana badala ya kumbeba amenyooka kama ubao, namna ya kumkalisha akiwa anakula asipaliwe. Hapo nilifaidika sana kwa kweli. Ila netiweki ya huku jioni mnaijua, picha inaganda mtoto yuko hewani nimemshika sijui nimshushe au niendelee 😂. Tukahamia kurekodi vidio fupi asubuhi namtumia, ananijibu kwa voisi. Kwetu hiyo ndo ilifanya kazi kuliko ya laivu.

Mdau wa Sakina
Kuweni makini lakini. Kuna mtu nilimpata mtandaoni tu huko, hajawahi kumuona mama, hakuuliza presha, hakuuliza alianguka lini, moja kwa moja lipia kifurushi. Akawa anatuma vidio za wazungu wanaruka ruka. Mama ana miaka sabini na kitu!! Nilimblock.

Fizio mstaafu mtarajiwa
Nipo kwenye fani, nilisomea hapo hapo Moshi, hospitali ya KCMC, niongeze kidogo bila kuwachosha. Hii kitu imefanyiwa utafiti sana. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walikusanya tafiti 22 zenye watu 1,937 wa kiharusi, kwa shughuli za kila siku kama kuvaa na kujisogeza hawakuona tofauti ya maana kati ya waliohudumiwa kwa mbali na waliohudumiwa kawaida, japo wenyewe walisema ushahidi bado hauna uzito wa kutosha. Mwaka 2019 kuna ya Marekani ya mkono uliodhoofika, watu 124, wa nyumbani hawakuzidiwa na wa kliniki. Lakini msome vizuri, wale walifungiwa kompyuta nyumbani yenye magemu ya mazoezi na ratiba ya karibu kila siku. Sisi tuna simu imeegemezwa chupa ya chai. Kinachofanana ni kimoja, marudio. Ubongo unajifunza upya kwa kurudia rudia, na mgonjwa wa Mwika anayefanya kila siku nyumbani namuombea zaidi kuliko wa mjini anayekuja kliniki mara moja kwa mwezi halafu anarudi kulala.

Ambavyo simu haifanyi: kupima mkazo wa misuli, kunyoosha kiungo kilichoganda (chalii wa Njiro kasema kweli), kumpima mtu mguu wa bandia. Hayo mtakuja tu.

Mjukuu wa Kibosho
Swali kwa fizio hapo juu. Bibi naye alipooza upande mmoja, anakaa na binti wa kazi tu, sisi wote tuko Arusha na Dar. Simu anaweza kushikiwa. Aanze lini na afanye yapi?

Fizio mstaafu mtarajiwa
Mjukuu, mleteni kwanza aonwe ana kwa ana na presha ipimwe, bila hivyo sikushauri kitu. Akirudi nyumbani, huyo binti awepo kwenye simu ya kwanza afundishwe yeye, ajue kusimama upande ule dhaifu na kushika kiunoni, asivute mkono uliopooza maana bega linatoka. Simu isishikwe na yeye, iegemezwe mahali, mikono yake iwe huru kwa bibi. Na siku binti hayupo bibi afanye ya kukaa kwenye kiti tu, ya kusimama yasubiri.

Mjukuu wa Kibosho
Asante sana mkuu, nakuja PM.