Besi ya nyuzi 5 au nibaki na ya 4? Na mbona kwenye simu siisikii besi ya nyimbo za zamani?

Mcharazaji_Moro:

Wakuu habari za jioni. Mi ni mpiga besi nipo Morogoro, Ijumaa na Jumamosi napiga na bendi ndogo ya baa, Jumapili napiga kanisani, huu ni mwaka wa 3. Gitaa langu ni Yamaha ya nyuzi 4 nililinunua mkononi kwa mtu, freti (vile vyuma vya kwenye shingo) zimelika kidogo lakini bado linaimba. Sasa nimejibana nimepata kama laki 6 na kuna jamaa anauza besi ya nyuzi 5 ile ya kutumia betri, rangi ya mbao, yaani nikiishika tu moyo unaenda mbio. Swali la kwanza ni hilo, niivute au nisubiri?

Swali la pili linanisumbua zaidi. Kiongozi wetu anataka tuingize dansi la zamani, Cuban Marimba, Morogoro Jazz, Juwata, Sikinde, na mimi nazipenda sana hizo nyimbo maana nimekua nazisikia nyumbani. Ananitumia wasap, nasikilizia kwenye simu, basi nasikia solo, nasikia sauti, tarumbeta zote nazisikia, besi hamna. Ninachopiga jukwaani ni kubahatisha tu. Baba anasema kwenye kaseti besi ilikuwa inasikika mpaka kifuani, rafiki yangu anasema niachane na kaseti nitafute sahani za santuri ndo zenye besi ya kweli. Nani yupo sahihi hapo? Naomba ushauri wenu sio matusi.

besi_nne_dar:

Mdogo wangu hongera kwanza kwa kuuliza swali la pili, wengi wanaishia la kwanza.

Mi nimepiga besi baa za Dar zaidi ya miaka 20 na nakwambia bila kuzunguka, hiyo laki 6 usiipeleke kwenye gitaa, peleka kwanza kwenye masikio. Huwezi kupiga kitu ambacho hujawahi kukisikia. Waya wako mnene kabisa, E, ukipigwa wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha, ukishuka chini ya mara 300 au 400 haina nguvu tena, kwa hiyo noti yenyewe haitoki kabisa. Kinachotoka ni vile vivuli vyake vya juu, yaani mitetemo inayoambatana na noti yenyewe, 82, 123, 164 na kuendelea, na hivyo vya chini navyo vinatoka kwa shida, ubongo unajazia uliobaki. Ndo maana unahisi kuna besi mahali lakini ukitaka kuikamata inapotea. Gitaa la milioni 3 halitakusaidia hapo.

Tafuta hedifoni ya waya, ile ya kufunika sikio lote, sio lazima iwe ya bei mbaya, ila usinunue ile iliyoandikwa besi kubwa kila upande maana ile inavimbisha kila kitu mpaka noti 2 tofauti zinasikika moja. Kaa nayo chumbani, zima feni, sikiliza wimbo mmoja wiki nzima. MMOJA.

Na mwambie kiongozi wako aache kuweka simu mbele ya redio halafu anarekodi anakutumia, maana hapo besi inauawa mara 2, kwanza na spika ya ile redio halafu na maiki ya simu. Kama ana faili lenyewe alitume kama dokumenti lije kama lilivyo. Watu wanailaumu MP3 bure, MP3 ikibanwa sana inaanza kuumiza matoazi na zile sauti za juu, besi inakuwa bado ipo ndani inakusubiri, tatizo ni mlango unaoitolea.

Kuhusu kaseti baba yako hadanganyi, anakumbuka REDIO KASETI. Ile ilikuwa boksi la mbao au plastiki nene na spika ya maana, na kila nyumba ile swichi ya besi ilikuwa imepandishwa mpaka mwisho. Mi nimejifunzia humo humo, narudisha mkanda kwa kalamu ya Bic ili nisimalize betri, nasikiliza sekunde 5, nazima, natafuta kwenye gitaa, nawasha tena. Ile sehemu ya mkanda niliyokuwa nairudia ililegea mpaka sauti ikawa inayumba. Na mpira wa ndani ukichoka wimbo unashuka, nilishajifunza wimbo mzima wa Juwata nusu noti chini ya wenzangu, nikaingia mazoezini wote wakanigeukia. Kwa hiyo ukisikiliza kaseti tyuni gitaa lako liifuate kaseti kwanza, jifunze, halafu urudi kwenye tyuni ya bendi.

Kitu kimoja zaidi kuhusu hizo nyimbo. Nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima chumba kimoja, maiki za kuhesabu, mkanda unazunguka, mnapiga wote pamoja toka mwanzo mpaka mwisho. Besi akikosea noti moja wanaanza upya watu wote mpaka wapuliza tarumbeta. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini wale wazee walipiga noti chache na kila moja imekaa mahali pake. Sikiliza mpiga besi anapoacha kimya, hapo ndo pana shule. Inaniuma sana kwamba wengi wao hata majina hatuyajui, kwenye kava anaandikwa mwimbaji na mtunzi, labda na solo, basi.

Sahani45_Nrb:

Wacha niongezee kuhusu santuri kwa sababu mimi hukusanya, sana sana zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, niko Nairobi na Jumamosi nyingi utanipata Kenyatta Market nikipekua masanduku mpaka vidole vinakuwa vyeusi.

Rafiki yako ana ukweli nusu. Santuri ina besi nzuri lakini si bure. Besi ikichongwa kwenye sahani vile ilivyo, mfereji unakuwa mpana sana na sindano inaruka, kwa hivyo wanaochonga hupunguza besi kwanza na kuongeza sauti za juu, halafu amplifaya yako inarudisha kinyume wakati wa kucheza. Utaratibu huo umekuwa wa kawaida tangu miaka ya 1950. Maana yake ni nini kwako? Ukinunua pleya ya santuri ukaichomeka tu kwenye spika za kawaida bila kile kifaa cha kurudisha hiyo besi, utasikia kitu chembamba kama nzi kwenye chupa, halafu utasema santuri ni uongo. Nimeona vijana wakiuza pleya nzuri kwa sababu hiyo tu na inanisikitisha.

Na upande mmoja ukijazwa nyimbo nyingi, mifereji inabanana, besi lazima ipunguzwe tena. Ndiyo maana mimi napenda 45, wimbo una nafasi ya kupumua.

Kuna ujanja wa zamani nitakupa. Sahani ya 33 ukiizungusha kwenye 45, kila kitu kinapanda karibu freti 5, besi inatoka pale chini kwenye matope inakuja juu ambapo unaisikia wazi. Unajifunza mwendo wake halafu unaushusha. Kwenye simu kuna programu za kupandisha wimbo oktavu moja (noti zile zile lakini za juu zaidi) bila kuongeza mwendo, ni ujanja ule ule.

Kama unataka besi ambayo haijifichi, tafuta Sina Makosa ya Les Wanyika. Tom Malanga kwenye besi. Iko mbele kabisa, inaimba kama mtu wa pili. Hiyo hata kwenye matatu yenye spika mbovu unaisikia.

ChiniKwaChini:

Mi sikubaliani sana na mzee besi_nne_dar kuhusu nyuzi 5 (shikamoo mzee). Kanisani wanaopiga kinanda wanapenda E flati na D flati, na ukiwa na nyuzi 4 noti yako ya mwisho chini ni E, kwa hiyo wakitua kwenye E flati, nusu noti chini ya hapo, ww unalazimika kuruka juu oktavu nzima, wimbo unapoteza miguu. Waya wa 5 ni B, mtetemo 31, unashuka nao bila shida. Kwa hiyo kama kanisa lenu ni la hivyo usione umekosea kuitamani.

Ila hiyo 31 haitoki kwenye spika yoyote tu. Maboksi mengi ya baa yana spika ya inchi 15 imechoka na hapo chini hayafiki, unapiga B linatoka vumbi na mngurumo, fundi mitambo anakunyooshea kidole. Na kabla hujatoa hela ifunge kwenye amplifaya yake, piga huo waya wa 5 kila freti mpaka ya 12 polepole. Besi za bei rahisi waya wa 5 unalegea kama kamba ya nguo. Mi nilishauziwa kwenye duka moja, silitaji, ya kung'aa kabisa, kufika nyumbani shingo imepinda upande mmoja, nikizungusha ule msumari wa kunyoosha shingo hakuna kinachobadilika. Weka jicho kwenye mwisho wa shingo utazame kama unavyotazama ubao kwa fundi seremala, uone kama mistari 2 ya pembeni inakwenda sawa.

Mie_wa_Unguja:

Assalaam aleikum. Mie napiga dabo besi, lile kubwa la kusimama, kwenye taarab. Nyuzi zake 4 tu, E A D G kama za gitaa lako, na kwa nyuzi hizo hizo vikundi vyetu vikongwe kama Culture vimechezesha watu miaka na miaka. Halina freti. Usipoisikia noti kichwani kabla ya kuibonya umekwisha, hakuna chuma cha kukuokoa. Tangu nilipoanza kulisoma ndipo nilipoanza kusikia besi ya watu wengine vizuri hata kwenye redio ndogo, kwa sababu sikio limeshajua pa kwenda.

Kwa hivyo hebu fanya hivi, huhitaji kununua kitu. Kabla hujashika gitaa, imba besi ya wimbo kwa mdomo. Ikikushinda kuimba bado hujaisikia. Ukipata nafasi ya kufika Unguja, pale Mji Mkongwe kuna chuo cha muziki tangu 2002, nenda ukasikilize karibu, mita moja tu, utalisikia lile dabo besi linavyotikisa sakafu. Kaseti, santuri, simu, hakuna hata kimoja kinachokupa hicho.

besi_nne_dar:

ChiniKwaChini marhaba, hoja yako ya kanisani naikubali kabisa, nilikuwa nawaza baa tu. Na kaka wa Unguja umesema kweli tupu.

Mdogo wangu wa Moro nyongeza ya nyuzi. Yule James Jamerson aliyepiga besi kwenye nyimbo za studio ya Motown kule Detroit, Marekani, gitaa lake lilikuwa Fender Precision ya 1962, nyuzi 4, nyuzi zenyewe zile bapa zisizo na mikwaruzo, na hakuzibadilisha mpaka ikatike. Sauti ya nyimbo zenu za dansi iko karibu zaidi na hiyo kuliko mlio wa kung'aa wa nyuzi mpya. Kwa hiyo nyuzi zako kama ni chakavu, kwa dansi ni mali. Kanisani ukitaka mlio uamke, zivue, ziviringe taratibu, zichemshe kwenye sufuria dakika 10, maji yatakuwa ya kahawia kwa jasho na mafuta ya vidole, zifute, zikauke kabisa kabla hujarudisha. Utapata wiki kadhaa. Sufuria mwombe mama kwanza.

Mcharazaji_Moro:

Wakuu nimerudi. Nimeazima hedifoni kwa jamaa wa studio siku 4, kiongozi kanitumia faili lenyewe kama dokumenti. Nimekaa na wimbo mmoja wa Sikinde tu. Aisee. Kuna sehemu waimbaji wanapokezana, mimi miaka yote naijaza noti 8 mfululizo nikijua ndo utamu wenyewe. Jamaa wa kwenye rekodi pale anapiga noti 2, ananyamaza, ananyamaza kweli, halafu anaingia na moja tu chini kabisa wakati tarumbeta zinarudi. Nimeirudia mpaka saa 8 usiku. Jana nimepiga hivyo jukwaani, mpiga tumba akageuka akaniangalia, hakusema kitu ila na yeye akapunguza.

Besi ya nyuzi 5 nimemwambia jamaa anisubirie mpaka mwisho wa mwezi ujao, kwanza nanunua hedifoni yangu. Nilienda kuijaribu tena kama ChiniKwaChini alivyosema, waya wa 5 unaimba vizuri mpaka freti ya 9, juu ya hapo unazomea kidogo. Kingine jamaa analalamika betri ya volti 9 inaisha kila baada ya siku chache, hiyo ni ugonjwa?

ChiniKwaChini:

Muulize anaiacha na waya umechomekwa usiku kucha? Kwenye hizo besi ukichomeka jeki ndo umewasha, hakuna swichi nyingine, betri inaliwa hata kama gitaa limelala kwenye kochi. Akichomoa bado inaisha basi kuna tatizo la ndani, mshushie bei. Kuzomea juu ya freti ya 9 angalia freti kama zimenyanyuka upande ule, piga picha ya pembeni utume hapa.