Nimeokoka mwaka wa nne sasa, hasira imegoma. Neema ni ya mwanzo tu?

Muuza_Jinzi: Bwana Yesu asifiwe wakuu. Nipo Moshi, nauza mitumba soko la Memorial. Nilipookoka pombe iliniacha siku ileile, sijui hata ilikwendaje. Hasira ndiyo imebaki.

Nikanunua kaunta buku. Kila usiku naweka vema: nimesali alfajiri, nimefunga Jumatano, sijafoka. Nikafikisha siku 41, hadi wenzangu wa kikundi cha maombi nikawa nawaangalia kwa jicho la pembeni. Siku ya 42 kijana wangu wa kazi akauza jinzi ya 18,000 kwa 8,000. Nilimrushia furushi zima mbele ya wateja. Kidevu chake kilitetemeka kama cha mtoto.

Wokovu nilipewa bure, sawa. Huku kukua nako ni bure au ni jasho langu? Nikiiachia neema naogopa nitabweteka.

Fundi_Majengo: Mkuu, siku ya 42 haikuwa Jumatano kweli? Njaa nayo ina pepo lake 😂

Mzee_Machame: Mwanangu, soma Wagalatia 3:3. Walianza katika Roho, wakataka kumalizia kwa mwili. Sisi Walutheri hilo daftari tunalijua kabla hujalinunua. Luther akiwa mtawa kule Erfurt alifunga, alikesha, aliungama kwa saa nyingi, na bado hakupata amani mpaka alipoielewa Warumi 1:17: haki ile unapewa, huichumi. Siku zako 41 zilinenepesha kiburi, umekiri mwenyewe. Lingekuwa langu ningewashia jiko.

Mama_Kibosho: Tumsifu Yesu Kristo. Mzee wangu, shikamoo, ila usimchomee kijana daftari. Kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, Wakatoliki na Walutheri walishatia saini pamoja 1999. Lakini Paulo huyohuyo, 1 Wakorintho 15:10, anasema alifanya kazi kupita wote, halafu hapohapo: "wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami."

Sisi tumekulia kwenye mfereji. Maji yanatoka mlimani, hakuna wa ukoo wetu aliyewahi kuyatengeneza. Ila zamu ikifika unaamka saa kumi usiku na jembe, unazoa majani na tope, la sivyo migomba inakauka. Na ukishazoa huwezi kurudi nyumbani ukajisifu umeleta mvua. Sali, funga, lakini baba acha kuhesabu.

Mzee_Machame: Marahaba mama. Mfereji nimeukubali. Ila kuna mwaka wetu ulizibwa na jiwe, jembe halikufua dafu. Kuna mahali mtu anabaki kuomba tu.

Binti_Himo: Maandiko mmechambua vizuri. Huyo kijana aliyerushiwa furushi, aliombwa msamaha?

Muuza_Jinzi: Dada umenikamata. Nilimwongezea hela ya chakula wiki ile nikaona yameisha.

Muuza_Jinzi: Wakuu narudi. Jana tukifungua robota nilimwambia, "Mdogo wangu, nilikukosea." Akaendelea kukata kamba, kimya. Baadaye akasema, "Bosi, ile bei nilikosea kwa sababu niliogopa kukuuliza." Sikuwa na la kumjibu. Leo kaniuliza bei mara sita. Ndiyo, nimehesabu, Mama Kibosho unisamehe.