Mlima Meru, kile kipande baada ya Rhino Point: nirudi au niache?

Mwalimu_Tengeru

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa waliowahi kufika kilele cha Meru.

Milima si migeni kwangu. Mwaka 2022 nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mpaka Gilman's Point, mita 5,685, na kilichonisumbua kilikuwa kichwa na baridi tu. Njia ni pana, unatembea. Meru ni mfupi, nikajua nitaumaliza.

Mwezi wa pili mwaka jana tulienda watu sita, siku tatu. Tukatoka Saddle Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, saa saba usiku. Mpaka Rhino Point, kituo cha njiani juu ya kambi, nilikuwa mzima kabisa. Halafu njia ikashuka, ikawa mwamba mtupu uliolala kiupandeupande, una changarawe nyeusi ya volkano juu yake. Mguu wa kulia ukateleza kama shibiri moja hivi. Nikasikia kijiwe kinagonga, kinagonga tena, halafu kimya. Hapo hapo magoti yakaanza kutetemeka. Nikakaa chini, nikakumbatia mwamba, sendi mbele wala sirudi nyuma. Mwongozaji alikuwa mbele anatuhimiza tuwahi jua. Msaidizi wake ndiye aliyenirudisha, ananionyesha kwa tochi pa kuweka kila mguu.

Wenzangu wanarudi mwezi wa tisa. Moyo unataka, ila mwili bado unakumbuka. Mnanishauri nini?

Babu_wa_Momella

Pole sana dada. Nimeongoza wageni mlima ule miaka mingi, na ulichopata wewe nimekiona kwa wanaume wenye vifua.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba pale kazi kubwa ni kurudi. Usiku unaona duara la tochi yako tu. Saa mbili asubuhi, umechoka, unarudi njia ile ile, na sasa unaona kila kitu: upande mmoja ukuta wa kreta, lile shimo la volkano, unaporomoka mpaka chini kwenye kile kilima cha majivu, upande wa pili mteremko wa nje. Nimewahi kukaa na mtu saa nzima pale, aliyepita usiku akiimba. Kwa hiyo usijiulize kama utaweza kupanda. Jiulize kama utaweza kurudi.

Namna ya kupita: kabla hujaingia kwenye mwamba, fimbo zote zifungwe kwenye begi. Geuza uso na kifua kwenye mwamba. Una mikono miwili na miguu miwili. Kihamishe kimoja tu, vitatu vibaki vimeshika. Jiwe lolote litikise kwanza kabla hujalipa uzito wako. Buti ikanyage kwa soli ya mbele, kisigino chini, na usilalie mwamba kwa sababu ya woga. Ukilala, mguu ndiyo unateleza.

Kaskazini_Yetu

Mimi nasema usirudi kwa sababu wenzako wanarudi. Kuna Little Meru, kilele kidogo cha pembeni, mita 3,820, unapanda mchana kutoka Saddle Hut, Kilimanjaro unaiona hewa ikiwa safi, na hakuna pa kutambaa. Mlima ni wako hata usipofika juu.

Mama_Wawili_Arusha

Shoga yangu, mimi niliganda palepale, nikarudi baada ya mwaka, nikafika. Nilibadilisha mambo haya.

Kwanza nililipia siku nne badala ya tatu, mwili ukapata muda wa kuzoea hewa. Pili, nilimwomba mwongozaji tuchelewe kutoka ili mwamba nikutane nao kunapambazuka. Nilikosa jua la kileleni, sijutii. Tatu, glavu. Nilipopita mimi kulikuwa na mnyororo wa kushika, na alfajiri ulikuwa baridi kama barafu. Glavu za sufu zinateleza juu ya chuma. Tafuta zenye mpira kiganjani, hata zile za mafundi ujenzi, vaa nyembamba ndani yake.

Ila mvua ikinyesha au mwamba ukiwa na barafu, geuka. Hata kama ni hatua mia zimebaki.

Mwalimu_Tengeru

Asanteni, nimesoma mara tatu. Kaskazini, maneno yako yamenigusa, lakini nikiwa peke yangu pia nautaka ule mlima, naamka nauona kila siku. Babu, nikiganda tena nifanye nini sekunde ile ile?

Babu_wa_Momella

Usikae chini. Simama ulipo, shika, angalia mwamba ulio mbele ya pua yako, pumua nje taratibu mara kumi. Sema kwa sauti, "Nimeganda." Kukaa kimya ndiko kunakoleta hatari, kwa sababu wenzako wanaendelea kutembea.

Na kabla hujalipa hata shilingi, muulize mwongozaji: nikishindwa pale, nani anarudi na mimi, na nani anabaki na kundi? Renja, askari wa hifadhi, ni mmoja, ana bunduki kwa ajili ya nyati, hawezi kugawanyika. Akisita kukujibu, tafuta mwingine.

Mwalimu_Tengeru

Nimempigia sasa hivi. Amesema anakuja na wasaidizi wawili, mmoja ni wangu tangu Saddle Hut, na hatanitangulia. Siku nne. Kesho natafuta glavu.