Ua la miiba: mtandamboo, kayaba au karisa?

Ploti ya Kona: Jamani, nataka kuzungushia ploti ua kabla ya mvua za Machi. Nimebakiwa na miti mitatu ya miiba: mtandamboo, kayaba, au karisa ile ya maua makubwa meupe. Mke wangu anataka harufu, mimi nataka matunda. Upi bora?

Mama Miche: Ploti iko wapi? Ukubwa? Mbuzi wapo? Bila hayo tutakupigia ramli tu, mwanangu.

Jembe Butu: Kayaba! Miiba ile hata fisi hapiti.

Mama Miche: Na harufu ataitoa wapi? Tena kayaba ina dume na jike. Ukiotesha mbegu, hujui umepata nini hadi itoe maua.

Ploti ya Kona: Samahani mama. Kitengela, futi 50 kwa 100. Mbuzi wa jirani wapo.

Mpwani: Panda mndimu. Ukichanua, nyumba nzima inanukia.

Jembe Butu: Kwenye udongo mweusi wa Kitengela? Maji yakituama, mizizi inaoza.

Baba Pacha: Mimi yalinikuta. Nilinunua miche 200 nikiambiwa ni mtandamboo. Miaka miwili nanunua maji ya mkokoteni wa punda kuimwagilia. Siku moja nyanya akaja kututembelea, akakwanyua jani, akacheka: "Maziwa yako wapi?" Kumbe mtandamboo ukiuvunja hutoa utomvu mweupe. Wangu mkavu kabisa. Kayaba tupu! Mwenye kitalu nilipompigia akasema miiba ni miiba. Halafu nilipopogoa sikufagia vizuri: baiskeli pancha magurudumu yote mawili, na mwiba mmoja ukapenya ndala ya mtoto hadi nyama. Vunja jani kabla hujalipa.

Mama Miche: Karisa nayo ina maziwa, kwa hiyo tazama na mwiba: wa karisa una ncha mbili kama panda ya manati. Tunda lake jekundu, kubwa. La mtandamboo ni dogo, subiri liwe jeusi ndipo ule.

Layoni: Kwetu Umasaini mtandamboo ni olamuriaki. Mizizi tunachemshia supu ya nyama.

Jembe Butu: Mkichimba mizizi, ua litasimama na nini?

Layoni: Unachimba kidogo, upande mmoja.

Mpwani: Na nyama ni ya mbuzi wa jirani?

Ploti ya Kona: 😂 Mke wangu amesoma hapo kwenye supu, maua kasahau. Layoni, mizizi mnachemsha mibichi au mnaikausha kwanza?