Bima imelipa Septemba, imekataa Oktoba, na mgongo ni ule ule

Kutoka: Mama Mapacha, Minneapolis
Novemba 2021

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za siku. Naomba mwenye kujua anisaidie kabla sijatoa kadi ya benki. Baba watoto anaumwa kiuno, na tangu Agosti anaenda mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Daktari yule yule, kliniki ile ile, bima ile ile. Vipindi vya Septemba vimelipwa vyote. Vya Oktoba vimekataliwa vyote vinane, na kliniki imetuletea bili ya dola 960.

Nimepiga simu bima, nikasikilizishwa muziki dakika 40, mwisho nikaambiwa msimbo wa ugonjwa haufai kwa tarehe ya huduma. Kliniki nao wanasema wametuma kama wanavyotuma siku zote. Karatasi ya bima inaonyesha M54.5. Nilipe yaishe, au kuna mlango wa kugonga?

---

Kutoka: Shangazi wa Columbus
Re: Bima imelipa Septemba

Marahaba mwanangu. Usilipe. Si leo.

Kazi yangu ndiyo hiyo, kukaa na faili za wagonjwa na kuzigeuza misimbo, na mwezi huu nimeshaiona M54.5 ikirudi mara nyingi mpaka naiota. Ugonjwa wowote unaotibiwa hapa Marekani unapewa msimbo kutoka orodha ya ICD-10-CM, tuliyohamia tarehe 1 Oktoba 2015. Ile ya zamani, ICD-9, ilikuwa na misimbo kama 14,000. Hii ina zaidi ya 70,000, na haitulii. Kila tarehe 1 Oktoba, serikali ya shirikisho inapoanza mwaka wake wa fedha, kuna inayoongezwa, kuna inayofutwa, kuna inayobadilishwa maneno.

Mwaka huu zamu imeangukia kiuno. M54.5 ilikuwa inatosha peke yake kusema mtu anaumwa kiuno. Kuanzia 1 Oktoba imebaki kama jina la ukoo tu, huwezi kuidai malipo. Sasa lazima uchague mtoto mmojawapo: M54.50 kama chanzo hakikutajwa, M54.51 kama maumivu yanatoka kwenye pingili zenyewe, M54.59 kwa maumivu mengine ya kiuno. Nina hakika kompyuta ya kliniki yenu haikusasishwa, au kuna mtu alikariri namba akaendelea nayo.

Ndiyo maana Septemba ililipwa. Kinachoangaliwa ni siku aliyotibiwa, hata kama dai limetumwa wiki tano baadaye. Kwa aliyelazwa, inaangaliwa siku aliyoruhusiwa kutoka. Zamani tulikuwa na siku 90 za kuvumiliana, msimbo wa zamani ukitumwa unapita. Uvumilivu huo ulifutwa mwaka 2004. Saa sita usiku wa Septemba 30 ikipita, imepita.

Sasa fanya hivi. Piga simu kliniki, lakini usizungumze na mapokezi, omba watu wa bili. Waambie kwa upole kwamba M54.5 si halali kwa huduma ya baada ya Septemba 30, 2021, na unaomba dai lirekebishwe na kutumwa upya. Usiwatajie namba ya kuweka. Namba inatoka kwenye maandishi ya daktari, haitoki kwako wala kwangu, na mtu akichagua tu ile inayolipa, huo ni udanganyifu. Waombe pia waisimamishe bili isipelekwe kwa wakusanya madeni wakati dai linarekebishwa, na uandike jina la uliyezungumza naye na tarehe.

Wakikuzungusha, kuna rufaa. Kwa bima nyingi una siku 180 tangu upate taarifa ya kukataliwa. Lakini rufaa ni kwa mabishano. Hapa hakuna anayebisha kwamba mumeo anaumwa, imekosekana tarakimu moja tu.

Na ile karatasi ya bima isome vizuri, juu pameandikwa kwamba siyo bili. Wengi wetu tumewahi kuilipa.

---

Kutoka: Kijana wa Seattle
Re: Re: Bima imelipa Septemba

Shikamoo shangazi. Hivi kuna namba ya kila kitu? Mwaka jana niliteleza kwenye barafu mbele ya watu. Hiyo nayo wanaiandika?

---

Kutoka: Shangazi wa Columbus

Marahaba. Inaandikwa, tena ikiambatana na namba ya kilichoumia: W00.0XXA, kuanguka kwa sababu ya barafu au theluji. Hizo X mbili ni za kujaza nafasi, na A maana yake bado uko kwenye matibabu ya lile jeraha lenyewe. Ukifikia hatua ya kupona na kufuatiliwa inakuwa D. Mbele ya watu haina namba, pole.

Na kwa kuwa tuko wageni wote humu: Z60.3 ni ugumu wa kuzoea utamaduni mpya, na chini yake yametajwa matatizo ya kuhama. Tumo kitabuni.

---

Kutoka: Mama Mapacha
Desemba 2021

Shangazi, Mungu akuzidishie. Simu ya kwanza nilipewa mapokezi kwa nguvu, ya pili nikapata mama wa bili, akacheka, akasema mimi ni wa kumi na kitu. Wamerudi kwenye maandishi ya daktari, wametuma upya na M54.59. Bima imelipa. Tumebaki na dola 160, ule mchango wetu wa dola 20 kwa kila kipindi.

---

Kutoka: Mzee wa Dallas
Oktoba 2025

Habari zenu. Naufufua uzi huu wa zamani kwa sababu nimeukumbuka usiku wa kuamkia leo. Kisukari changu kimeshuka vizuri tangu nipungue uzito, daktari amenisimamishia dawa. Sasa kwenye akaunti yangu ya hospitali, palipokuwa E11.9 naona E11.A. Nimetafuta kwenye kitabu cha kijana wangu cha masomo, haimo. Wamenifuta ugonjwa? Bima itanikatalia vipimo?

---

Kutoka: Shangazi wa Columbus

Shikamoo mzee wangu, na hongera. Hawajakufuta. E11 bado ni kisukari aina ya pili. Hiyo A ni mpya kabisa, imeanza tarehe 1 mwezi huu pamoja na misimbo mingine 486: kisukari kisicho na madhara mengine, kilicho katika hali ya nafuu. Hadi Septemba orodha haikuwa na mahali pa mtu kama wewe. Ungejitahidi namna gani, ungebaki E11.9 sawa na mwenye kisukari ambaye bado anategemea dawa. Binafsi naona hii ni heshima iliyochelewa.

Ila angalia jambo moja: neno la nafuu lazima liwe limeandikwa na daktari mwenyewe. Sisi hatuwezi kulikisia kutokana na vipimo vizuri. Kuhusu vijiti vya kupimia, piga simu bima kabla ya kuagiza tena, uwatajie msimbo mpya wakuambie wazi.

Na wote mjue, tangu 2022 kuna mabadiliko ya Aprili 1 pia, kwa kawaida machache kuliko ya Oktoba. Orodha kamili ni bure kwenye tovuti za serikali, za CMS na CDC, msinunue.

---

Kutoka: Dada wa Zamu ya Usiku, Portland

Shangazi, mimi nasoma nihamie huko kwenu, nimechoka kunyanyua wagonjwa. Mtihani wa CPC, ule wa cheti cha kuandika misimbo, naambiwa ni maswali 100 kwa saa nne na unaingia na vitabu. Kuna mtu ananiuzia vya 2023 kwa bei ya kutupa. Nichukue?

---

Kutoka: Shangazi wa Columbus

Mdogo wangu, umemsikia mzee hapo juu akitafuta E11.A kwenye kitabu cha kijana wake? Na hicho ni kitabu cha magonjwa. Cha huduma, CPT, kinabadilika Januari 1, kwa hiyo cha 2023 nacho kimepitwa. Mwachie muuzaji. Ukiwa tayari kuanza mazoezi niandikie pembeni, nina maswali ya kukupa.